Kabla ya Kuingia Chini

Aprili, Rimouski. Theluji imejikunyata kando ya uzio,
nyeusi kama mkate uliosahauliwa jikoni,
na barabara inatema chumvi iliyomeza tangu Novemba.
Breki za gari langu zinalia. Shangazi Odile
anatoka gerejini na stendi mbili, moja kila kwapa,
kama abebaye mapacha wasiotaka kuoga.

Nina miaka kumi na saba, na zamu saa tano kwa mwoka mikate.
Nasema: jeki inatosha. Ni pedi tu. Nusu saa.

Hanijibu. Anatia gia ya kwanza, anavuta breki ya mkono,
anasokomeza kabari za mbao kwenye magurudumu ya nyuma
na kuzipiga teke moja moja, kama anazidai.
Nati zilegeze sasa, anasema, gari lingali limekaa.
Nalegeza. Moja inapiga ukelele.

Jeki ni mkono, anasema. Mkono huchoka.
Mafuta yaliyo ndani yake ni ahadi,
na kijipira kinachoyazuia
kina umri wako.
Stendi ni mfupa.

Gari likiwa juu nataka kuweka stendi chini ya ukingo wa mlango.
Anapiga magoti, anauchoma ukingo kwa bisibisi.
Bisibisi inazama hadi mpini. Vumbi jekundu
linamwagika kwenye kiganja chake.
Hapa ungeweka?
Hapa ningeweka.

Basi tunatafuta chuma kinene, kule nyuma ya injini,
tunakigonga, kinajibu kwa sauti nzito.
Meno ya stendi yanauma. Kigingi kinapenya mpaka upande wa pili.
Tunaliteremsha gari taratibu likalie mifupa yake,
na mimi tayari nimeshalala chali,
kichwa kimoja na bega moja kivulini.

Toka.

Analisukuma gari kwa nyonga, mwanamke wa miaka sitini na moja,
dereva wa basi la shule, mbele ya majirani wote.
Analisukuma tena, kwa hasira sasa. Naona haya.
Bwana Gagnon ameacha kufagia.
Safari ya tatu stendi ya kushoto inainama,
upana wa kidole, si zaidi:
lami imelainika kwa jua la siku mbili, inauacha mguu uzame.

Hasemi "unaona?"
Anasema: teremsha. Leta mbao.

Ajali haina kinga, watu husema mazikoni.
Walisema hata kwa Réjean, kaka yake,
huku wakila sandwichi za mayai zilizokatwa pembetatu.
Réjean aliliegemeza lori lake juu ya matofali ya saruji, yale ya matundu.
Redio iliendelea kutangaza mpira wa magongo, kipindi chote cha tatu,
na mkewe ghorofani akadhani yu hai, anasikiliza.
Siku ile Odile alikuwa jikoni akiosha vikombe vya wageni.
Kinga alikuwa ameiona. Ilikaa kwenye rafu ya duka,
dola arobaini na tisa, jozi.

Saa tano inapita. Nampigia mwoka mikate, ananitukana kidogo.
Mbao chini, stendi juu ya mbao, jeki imerudi
na kuachwa ikigusa tu, kama shahidi wa pili,
na magurudumu tuliyoyavua tumeyalaza chini ya bodi:
likianguka, anasema, liangukie mpira kwanza.
Nyonga. Nyonga. Nyonga.
Gari limesimama kama deni la serikali.

Anaingia yeye. Buti zake tu ndizo zimebaki nje,
kisigino cha kulia kimelika.
Spana, anasema. Kumi na nne.
Nampa kwa mkono wa kushoto.
Wa kulia nimeuweka juu ya bodi baridi, nimeukaza,
kana kwamba ungezuia chochote,
nao hautoki pale
mpaka buti zimeanza kurudi nyuma.